Alichosema Mwenyekiti wa Mfereji

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. "Shikamoo mzee. Mimi ni binti wa mwenyekiti wa mfereji, wa Nduruma. Baba amefariki alfajiri ya leo. Mazishi Alhamisi." Nilimpa pole, nikakata simu, nikabaki nimesimama kwenye kituo cha daladala cha Moshono hadi watu wakaanza kunipita. Wengi wenu mnamfahamu marehemu bila kulijua jina lake. Mlimsikia kwenye klipu ya sekunde chache iliyozunguka mjini wakati wa kampeni za udiwani, na kama hamkuisikia, mlisoma habari zake hapa hapa kwenye safu hii.

Nilifahamiana naye miaka mingi kabla ya hapo, nilipokwenda kuandika habari za mgao wa maji ya kumwagilia mashamba. Alikuwa Mmeru aliyezaliwa kule juu mlimani, akateremka Nduruma kutafuta shamba. Kiswahili alikikuta shuleni, kwa hiyo alikizungumza kwa uangalifu mkubwa. Siku ile nilimsifia, nikasema mahindi yake yamestawi. Akacheka. "Mahindi yako kwenye gunia, mwandishi. Hii iliyosimama shambani ni mihindi." Nikacheka naye, nikaandika kwenye daftari langu, nikasahau.

Mwaka wa kampeni, mmoja wa wagombea wa kata alikuwa Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Arusha, mwenye duka Daraja Mbili na shamba kule kule Nduruma. Wakati huo huo watu walikuwa wamepanda mahindi hadi kwenye kingo za mfereji, udongo ukawa unaporomoka na maji hayafiki chini. Mwenyekiti akaitisha kikao, akasimama, akasema, "Mihindi yote iliyoko ukingoni ing'olewe kabla ya Jumamosi. Tumeivumilia vya kutosha. Inatunyima maji." Mtu akarekodi, akakata maneno ya katikati na ya mwisho, akabakiza "Mihindi yote ing'olewe, tumeivumilia vya kutosha," akairusha kwenye makundi ya WhatsApp. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umehukumu: mzee huyu ni mbaguzi, tena anawaita binadamu wenzake kama vitu. Nami nikaandika safu kali kuhusu "mzee mmoja wa mfereji". Nilipongezwa sana kwa safu ile.

Walimvua uenyekiti. Wiki chache baadaye alikuja ofisini kwetu, amevaa koti lake la kanisani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa. Akasema, "Wewe, mwandishi, si nilikufundisha?" Kisha akainuka, akaondoka. Nilichapisha masahihisho ya mistari mitatu, na sijakutana na mtu aliyeyasoma. Binti yake ameniambia kwamba tangu hapo baba aliacha kuzungumza Kiswahili nyumbani. Hata wajukuu waliokuja kutoka mjini aliwasemesha Kimeru, lugha wasiyoijua, nao wakawa wanamtazama tu.

Kaburini nilimwona yule mgombea, ambaye sasa ni diwani, amesimama peke yake upande wa nyuma. Nilimfuata. "Najua unachotaka kuuliza," alisema. "Kwa nini niliamini haraka. Kaka, darasa la tatu waliniita mhindi wa kuchoma mwaka mzima. Nilipolisikia lile neno, sikusikia lingine." Akafuta macho kwa kiganja. "Lakini mzee alinifuata dukani, akanieleza. Nikamwelewa siku ile ile. Nikamwambia nitalisema hadharani. Sikusema. Klipu ile ilikuwa inaniletea huruma ya watu, na kura zilikuwa karibu."

Sikuwa na haki ya kumlaumu. Ubaguzi upo hapa kwetu, na huyu bwana ameuonja tangu utotoni. Kuumia kwake hakukuwa kwa kuigiza. Lakini Arusha ni mji wa watu walioazima lugha. Mmoja anaifikia kutoka Kimeru, mwingine kutoka Kimaasai, mwingine Kichaga, mwingine Kigujarati, na kila mmoja huja na masikio yake. Tungetarajia hilo litufanye wepesi wa kuulizana. Badala yake tumekuwa wepesi wa kusambaza, na siasa zimejifunza kutumia wepesi huo. Mzee yule alihukumiwa kwa kusema sawasawa mbele ya watu ambao hawakujali kusikia sawasawa, nami nikiwamo, mtu ninayekula kwa lugha hiyo.

Namba yake ya simu nilikuwa nayo siku niliyoandika. Kumpigia kungenichukua dakika mbili. Basi ninalowaachia leo ni hili tu: ukisikia mtu amesema neno la kuumiza, mfuate, umuulize alikuwa na maana gani, na ukishajua ukweli, useme kwa sauti ile ile uliyomshutumu nayo. Na ufanye hivyo angali anaweza kukusikia.