Akinyamaza Bwana Mifugo

Tangu grosari za kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, zijae mtaani kwetu Igogo, bwana mifugo wetu hana mapumziko. Anaukamata ulimi wa nguruwe kwa kitambaa, anafumba macho, na kidole gumba kinapapasa chini ya ulimi huku akiimba wimbo wa kwaya. Akinyamaza, mwenye nguruwe anajua kidole kimegusa vivimbe vya minyoo. “Huyu tunamfukia, mama. Minyoo hii ikikupanda kichwani utaanguka kifafa.” Habembelezeki hata kidogo. Juzi, siku moja kabla ya harusi ya bintiye, alimkagua nguruwe wake mwenyewe, aliyemnenepesha kwa ajili ya wakwe. Katikati ya kiitikio akanyamaza. Sisi wapishi tukatazamana. Akafumbua macho, akanawa mikono kwa sabuni. “Leteni jembe,” akasema, kisha akaendelea kuimba pale alipoachia.