Nilitia Sahihi Bafu Ambalo Sikuliona

Kosa ni langu, na nimechoka kulibeba peke yangu. Nitukaneni mkitaka, lakini nisomeni hadi mwisho.

Mimi ni fundi wa stima hapa Eldoret, fundi mwenye leseni. Nilisoma, nikafanya mitihani, na sahihi yangu kwenye fomu ndiyo inayofanya nyumba ipewe mita. Wengine wanaitafuta sahihi hiyo miaka mingi. Mimi niliichezea!

Mwaka jana mama mkwe wangu alijenga nyumba mpya kule Kapseret. Kazi ya stima nikapewa mimi, nani mwingine? Sebule na jikoni nilizifunga waya kwa mikono yangu. Lakini kwetu mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe. Ni aibu kubwa. Na bafu lake liko ndani ya chumba hicho.

Basi nikamtafuta Rotich, baba wa watoto watatu kutoka Chepsaita. Kazi anaijua, ila leseni hana. Alipomaliza akanipigia simu.

"Boss, ile waya ya kijani imeisha kabla nifikie shower," akasema. "Hizo zingine ziko sawa. Utaicheki tu ukipitia."

Shower hiyo hupasha maji moto kwa stima, na waya wa kijani ndio unaopeleka stima ardhini hitilafu ikitokea. Usipokuwepo, stima hupitia kwa mtu. Nilijua! Nikamwambia sawa, nikaketi mjini na chai yangu, nikajaza kwenye fomu kwamba vyumba vyote nimevipima. Nikajiambia nitarudi siku nyingine. Na heshima ilikuwa kisingizio tu. Ningemwomba Mama aende akakamue ng'ombe, niingie, nimalize.

Miezi miwili baada ya stima kuwaka, Mama alishika bomba akioga, stima ikampiga. Njia nzima hadi hospitali nilikuwa naomba asife, na katikati ya maombi hayo, Mungu anisamehe, nikajikuta nawaza ile fomu iko wapi.

Hakufa. Lakini vidole vya mkono wa kulia havikunjiki, na ng'ombe wake sasa wanakamuliwa na jirani.

Familia ilipokaa kikao, shemeji zangu wote walimlaumu Rotich. Wakasema ni muuaji asiye na karatasi. Mimi nilikuwa pale pale, nikitazama viatu vyangu. Mama akanigeukia.

"Baba Faith," akasema polepole, "kama ni wewe ulifanya hiyo bafu, singekuwa hivi."

Nikamjibu, "Pole, Mama."

Rotich hapati kazi tena. Alinipigia mara moja, akaniomba niwaambie tu kwamba alinijulisha. Nikakata simu. Wiki hiyo hiyo nikaenda nikabadilisha waya za nyumba nzima, hata za chumba kile, na hakuna aliyetaja aibu.

Wenzangu wenye leseni, msitie sahihi chumba ambacho hamjakanyaga, hata kiwe cha nani. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu ukweli ukilala unakuwa mzito. Mimi nilingoja. Sasa Jumapili hii familia imeandaa maombi ya kunishukuru kwa kuwatengenezea nyumba, na mke wangu ameshanipigia shati pasi.