Siku Nilipopeleka Somo la Urithi Kinyala

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na hata leo mtu akitaja kijiji cha Kinyala naangalia chini, lakini kwa kuwa mmeshaanza kucheka kabla sijasema kitu, acha niwaeleze.

Zamani zile nilikuwa na kastudio kangu ka kurekodi sherehe hapa Tukuyu mjini, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, na Jumamosi kiligeuka darasa la watu kumi na tano tuliokuwa tunajifundisha kuandika programu. Tulipendana sana (mpaka leo naikumbuka harufu ya makoti yaliyolowa mvua, na ndizi za kuchemsha alizokuwa anatubebea Gwamaka kutoka kwao Matwebe). Bando lilikuwa ghali na intaneti inatambaa, kwa hiyo rafiki yetu wa Dar alikuwa anatutumia flashi yenye mihadhara iliyorekodiwa ya mafundi wa programu, mimi naibadilisha ili icheze kwenye deki ya kawaida, nachoma DVD za bei nafuu, na kila mtu anaondoka na yake akaiangalie kwenye televisheni ya nyumbani, maana kompyuta hakuna aliyekuwa nayo.

Ijumaa moja nilikuwa nachoma nakala za mhadhara mpya, na katikati nikapenyeza kazi ya Bibi Tumpale wa Kinyala. Ilikuwa video ya jubilei ya ndoa yake, ambapo mumewe alitoa neno refu, kisha miezi michache baadaye akafariki. Familia walitaka kuiangalia Jumapili, siku ya kuweka msalaba kaburini. Sasa kalamu ya kuandikia juu ya DVD ilikuwa imekauka, mvua inanyesha, duka liko ng'ambo ya barabara, nikajisemea nitaandika kesho, ya bibi naijua, ni hii ya juu. (Hiyo "ya juu" ndiyo iliyoniponza.) Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, nikaifuta video ya jubilei ili mihadhara ipate nafasi. Si nilishaichoma?

Jumamosi nikagawa za darasa, Jumapili nikaenda Kinyala mwenyewe, nimevaa kitenge kipya, nikaketishwa mbele karibu na televisheni kama mgeni rasmi. Mchungaji akaomba, watu wakatulia, nikabonyeza rimoti. Akatokea kijana mwenye miwani, amesimama mbele ya ubao, akasema kwa upole kabisa, "Leo tunazungumzia urithi."

Watu walidhani ni utangulizi, wakaendelea kusikiliza kwa heshima.

"Mtoto anarithi kila kitu cha mzazi," kijana akaendelea, "isipokuwa vile ambavyo mzazi ameamua kuvificha."

Nyie mnajua kwamba kwenye programu urithi ni kipande kimoja kuchukua tabia za kingine, lakini pale sebuleni nani angejua, na mimi sikujua kuwa watoto wawili wa marehemu walikuwa hawasemezani kwa sababu ya shamba la chai. Mkubwa akasimama taratibu, akamuuliza mdogo wake ni lini ameajiri mwanasheria. Mdogo akajibu kwamba aliyeficha anajijua. Shangazi yao akaanza kulia, mchungaji akanigeukia, mimi nabonyeza rimoti wala haizimi (nilikuwa nimeishika nyuma mbele), na kijana wa watu anaeleza tu kwamba kurithi kwa wazazi wawili kunawezekana ila kunaleta vurugu. Mwishowe nikachomoa waya ukutani.

Nikapiga magoti, nikaeleza yote, kompyuta, DVD, kalamu iliyokauka, sidhani kama nilieleweka. Bibi Tumpale ndiye aliyeuliza.

"Mwanangu, sasa mume wangu yuko wapi?"

Nilikuwa nimemfuta.

Nikatoka hadi migombani, nikaanza kumpigia mmoja mmoja wa darasa. Wengi hawakuwa wameiangalia bado, wengine walikuta mhadhara. Nilipofika kwa Gwamaka akanijibu kwa haya kwamba yake ina mzee anaongea Kinyakyusa, alitaka kuitoa, mama yake akakataa, wameshaiangalia mara mbili. Nikamwambia apande bodaboda saa hiyo hiyo.

Tulimsubiri muda mrefu. Akafika ametapakaa matope, DVD ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, ameiweka kifuani ndani ya koti.

Mzee akatokea. Akakohoa, akasema mke wake amemuunguzia maharage tangu siku ya kwanza na hajawahi kuyabakiza, na nyumba nzima ikacheka na kulia kwa pamoja. Wale ndugu hawakupatana siku ile, msidhani, lakini walinyamaza. Bibi alisogeza kigoda mpaka karibu na kioo, akakaa hapo hadi mwisho.

Nilipomuaga akanishika mkono. "Ndaga, mwanangu, asante. Lakini usirudie. Leo nimemzika mara ya pili."

Siku hizi mihadhara yote iko kwenye simu, na darasa letu limetawanyika Mbeya na Dar, nami nawakumbuka kila mvua ikianza. Ila video ya mtu siifuti mpaka mwenyewe aje, aketi, aiangalie mbele yangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wateja wananiita msumbufu. Waniite.