Kilomita Kumi na Moja za Mama

Dereva alikuwa amefika kwenye kilima kitakatifu mara kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili alilala. Mahujaji wa parokia walishuka basini, wakapanga foleni, wakapanda zile ngazi mia mbili na kitu wakisali Rozari huku magoti yakiwalia. Yeye alitandika gazeti chini ya basi, akajifunika kofia usoni, akakoroma mpaka mtu amguse unyayo kumwambia padre ameshabariki. Kwake kilima kile kilikuwa kivuli kizuri na maegesho mabaya, basi.

Mkewe hakuwahi kufika hata mara moja.

Si kwamba hakuomba. Kila mwaka basi likishaoshwa alimfuata mumewe. "Mzee, hata kile kiti cha kukunja pale mlangoni?"

"Mwakani, mama. Nikianza kupakia mke, kesho watasema napakia na shemeji."

Akacheka mwenyewe. Kiti chenyewe kilibeba kreti ya soda, kwenda na kurudi.

Mwaka mmoja alimletea chupa ya maji matakatifu. Ukweli ni kwamba alisahau kuyachota kilimani, akajaza chupa kwenye bomba la kituo cha mafuta walipokaribia nyumbani. Mama aliyapokea kwa mikono miwili, akajipaka kwenye paji la uso, na kwa mwezi mzima akayatumia tone kwa tone. Dereva alimwona, akafyata ulimi.

Halafu kiharusi kikampiga mama upande wa kulia: mguu, mkono na nusu ya mdomo. Daktari akakataza safari yoyote ya gari, na kuhusu siku zilizobaki akasema tu, "Tuombe." Dereva akaacha basi, akawa mpishi na mfuaji. Siku moja akitafuta beseni stoo, akaona nyuma ya mlango vistari vya chaki, vitano vitano, juu ya mbao zilizopauka kwa chaki ya zamani iliyofutwa. Akavihesabu. Mia moja sabini na tatu.

"Mama alikuwa anahesabu mayai?" alimuuliza jirani, fundi cherehani.

"Mayai gani, wewe! Hiyo ni safari. Si alikuuliza kilimani ni kilomita ngapi?"

Dereva akakumbuka. Alimjibu bila kuinua kichwa kwenye sahani, tena kwa maringo: mia moja themanini na nne, kutoka geti la parokia mpaka ngazi ya kwanza.

"Akaja kuazima utepe wangu, akapima uani, mlango wa jiko mpaka karo la kufulia. Kwa mwendo wake, Rozari moja ni kilomita moja. Anatembea, anasali, anachora kistari. Mvua ikinyesha anazunguka meza. Mtaa mzima tulijua."

"Mimi sikujua."

"Dereva gani hujui abiria wako yuko wapi?"

Zilibaki kumi na moja. Dereva alikwenda kuifungua ile rozari iliyoning'inia miaka yote kwenye kioo cha basi kama pambo, akaifuta vumbi. Akamkalisha mama kwenye kiti cha magurudumu mlangoni pa jiko, kikombe na kijiko karibu na mkono mzima.

"Mama, safari nakumalizia mimi. Leo tunaanza na matendo ya furaha."

Ko! Ko! Kijiko kikagonga kikombe.

"Jumanne," mama alisema kwa nusu ya mdomo. "Ya uchungu."

Akaanza upya. Karoni alikata kona kama anawahi abiria wa stendi, na kumi la pili likamtoka likiwa na Salamu Maria saba. Ko! Fundi cherehani akachungulia juu ya ukuta. "Dereva! Salamu Maria tatu umezipita bila hata kupiga honi!"

Siku ya nne nyayo zilitoka malengelenge. Miaka thelathini ya kukanyaga pedali haikumfundisha kutembea. Kila akipita mbele ya mama aliiona kichwani ile kreti ya soda, imekaa raha mustarehe mlangoni mwa basi, na nafsi ikamsuta.

Siku ya kumi na moja kijiko hakikulia hata mara moja. Dereva akachora kistari cha mwisho, akachuchumaa mbele ya mkewe, jasho likimtiririka.

"Mama, tumefika."

Mama akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni aliyechelewa harusi.

"Mimi nilishafika, mzee. Mara tatu. Hii ilikuwa ya nne." Akapumua. "Ya kwanza nilikwambia."

Naam, alimwambia. Dereva alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni, mama akaingia anang'aa, rozari mkononi: "Mzee, leo nimefika." Naye akajibu, "Umefika wapi, na chai haijafika?" Jibu lilimfurahisha sana, kesho yake aliwasimulia wenzake stendi.

"Na yale maji," mama aliongeza, "yalinuka dizeli."

Dereva aliinuka. Akalowesha kitambaa, akafuta mlango wa stoo wote, akarudi na chaki.

"Tuanze ya tano, mama. Nitakusukuma na kiti. Sasa hivi, twende wote."

Mama akafumba macho. Alikuwa amechoka.

"Mwakani, mzee," alisema.