Kiti cha Mtoto Anayetembea

Ndup.

Ndivyo lilivyolia bamba la chuma chini ya kiti cha baiskeli ya mlemavu, siku afisa wa mpakani alipoligonga kwa ufunguo wake. Kitu kitupu hulia *tang*. Kilichojaa hulia *ndup*. Miaka mitatu imepita, na Hamimu bado husita kila Kudra mkewe anapoutua mtungi wa maji sakafuni.

Baiskeli ile ya magurudumu matatu aliitengeneza mwenyewe, katika ateliye yake ya kuchomelea vyuma kule Cibitoke. Mteja aliitwa Népomuscène. Alisema ni ya kaka yake asiyetembea, akaonyesha na karatasi ya daktari yenye mhuri. Walipofika mpakani, ufunguo ukalia ndup, na kaka asiyetembea akainuka akakimbia hata askari hawakumpata. Chini ya kiti zilikutwa bidoni nne, madumu ya petroli ya magendo. Népomuscène naye hakuonekana tena. Aliyeonekana ni fundi. Alihojiwa siku tatu, akisimuliwa mlio ule tena na tena, akarudi nyumbani mashavu yameingia ndani, na mashine yake ya kuchomelea haikurudi naye.

Tangu hapo Hamimu akajiwekea sheria moja: hatengenezi kiti cha mtu ambaye hajamwona kwa macho yake. Alijua kwamba mara ya pili hakuna atakayeamini kuwa alidanganywa.

Basi Jumanne moja akaingia mwanamke mwenye mkoba wa ofisini na viatu vyenye vumbi jekundu la mlimani. Alisema jina lake Caritas, anatoka Gihosha.

"Fundi, munatengeneza puseti, kigari cha kusukumia mutoto?"

"Za watoto wachanga ziko sokoni, mama. Mi nafanya milango, madirisha na viti vya walemavu."

"Za sokoni nimemaliza mbili. Ya mwisho ilivunjikia kwenye mteremko. Gurudumu lilikwenda peke yake, sisi tumesimama tunalitazama."

"Mutoto ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Shakuru, mpaka rangi wa ateliye na mwenzake Hamimu wa miaka mingi, alisimamisha brashi hewani.

Caritas akafungua karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisoma kama karani asomaye barua ya mkubwa wake. "Ibebe kilo sitini."

"Mutoto wako ana kilo sitini?"

"Arobaini na moja. Lakini ibebe sitini. Magurudumu mapana, mpira mutupu, yasiyotiwa upepo, sababu njia ya kwetu ni mawe. Freni ya mukono na freni ya muguu. Mukanda wa kifuani, kifungo kiwe nyuma. Juu turubai nzito, inayoshuka mbele mpaka magotini, watu wasione ndani."

"Wasione ndani," Hamimu alirudia polepole.

"Ndiyo. Na chini ya kiti paache nafasi. Nina mizigo."

"Mizigo gani?"

"Mizigo yangu."

Hamimu alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ili apate muda. "Huyu mutoto hatembei?"

"Anatembea."

"Vizuri?"

"Anakimbia. Ukimufukuza, humupati."

Shakuru alishikwa na kikohozi kisicho na homa.

"Mama," Hamimu akasema, "mutoto anayekimbia, kiti cha nini?"

"Kwa sababu anakimbia." Alijibu kama mtu aliyechoka na swali kabla halijaulizwa. "Ana otisimu. Akili yake inasikia kila kitu kwa mara moja. Honi moja tu, anaruka barabarani ao anajitupa chini. Zamani nilimubeba. Sasa amenifika begani. Kuna darasa la watoto kama yeye kule Mutanga Sud. Mabasi hakuna, petroli hakuna, na mu foleni hawezi kusimama. Bila kiti anabaki amefungiwa nyumbani."

Neno petroli lilimchoma Hamimu mahali palepale.

"Mulete nimuone," alisema.

Uso wa Caritas ukafungika. "Wa kwanza kutaka kumuona alisema ni wa kumuombea pepo litoke. Wa pili alimupiga picha, akazunguka nayo akiomba pesa. We unataka kumuona kwa nini?"

"Niliwahi kutengeneza kiti bila kumuona mwenyewe."

"Na mimi niliwahi kumuonyesha mutoto wangu kwa watu. Apana, fundi. Si sinema."

Akashika mkoba wake akatoka. Karatasi ikabaki juu ya meza ya vyuma.

"Bidoni huyo," Shakuru akasema. "Bidoni yenye hereni."

"Nyamaza, we."

"Nanyamaza. Lakini siku watakapokuja kukuchukua tena, usiseme Shakuru hakukwambia."

Hamimu aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Mgongo 52. Nyonga 33. Goti hadi kisigino 39. *Asiguswe shingoni. Turubai ilete giza, mwanga unamuumiza. Chini: nguo za kubadilisha, maji, kifuniko chake cha sufuria.*

Kifuniko cha sufuria? Aliwaza ni mlanguzi gani angetunga kitu kama hicho. Halafu akakumbuka ule mhuri wa daktari, mwekundu, umegongwa vizuri, na moyo ukarudi ulikokuwa. Mwongo hodari ndiye anayejua kuweka kifuniko cha sufuria.

Ijumaa, baada ya swala, alivaa koti lake, akatia tepu ya kupimia mfukoni kama kawaida yake, akapanda Gihosha. Kudra alimuuliza anakwenda wapi. Akasema anarudisha karatasi ya watu. Ukweli ni kwamba alikwenda kupeleleza.

Hakuhitaji kuuliza nyumba. Aliwaona wakishuka barabarani. Mvulana mrefu, mwembamba, kifuniko cha sufuria amekibana sikioni kama mtu asikilizaye redio. Kiuno chake kimefungwa kitenge, na ncha ya pili ya kitenge imefungwa kiunoni mwa Caritas, mwenye mfuko mkubwa begani. Walikwenda hivyo, hatua kwa hatua, kando kabisa ya njia. Hamimu akajibanza penye ukuta.

Lori likapiga honi.

Mvulana alianguka kana kwamba amekatwa miguu, akamvuta na mama yake. Alipiga ukelele, akajiuma mkono. Caritas alimlalia juu, asiviringike hadi barabarani, huku akimwimbia kitu kisichosikika. Watu wakaanza kusimama. Watatu, saba, kisha duara zima.

"Mama, huyu mutoto ni wako?" aliuliza mwanamume mmoja mwenye kofia.

"Ni wangu."

"Mbona umemufunga kamba?"

"Ni kitenge. Anakimbilia magari."

"Mutoto wako mwenyewe anakukimbia?"

"Muulizeni yeye," akasema mwanamke mwenye kikapu. "Ee kijana, mama yako anaitwa nani?"

Mvulana hakujibu. Alikuwa hajawahi kujibu swali la mtu yeyote.

"Munaona? Hasemi. Amemupa dawa."

"Na hilo limfuko ni la nini?"

"Mizigo yangu," Caritas akasema, na sauti yake ikapasuka.

Nyuma ya watu, Hamimu alilisikia jibu lile kwa mara ya pili, na safari hii akaisikia na sauti ya muulizaji. Ilikuwa kama yake mwenyewe, ile ya Jumanne. Mtu wa kofia alikuwa ameshatoa simu, amwite polisi. Hamimu angeweza kugeuka akashuka mlima. Hakuna aliyemjua pale, na jina lake halikuwa kwenye jambo lolote. Alisimama hivyo kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka.

"Namujua," alisema.

Wakageuka. "Unamujua wapi, mzee?"

"Mi ni fundi Hamimu, wa Cibitoke. Ndiye ninayetengeneza kiti cha mutoto huyu." Akainua karatasi. "Vipimo hivi hapa, kwa mukono wa mama yake. Mwizi wa watoto anajua goti la mutoto mupaka kisigino ni sentimita ngapi?"

"Maneno tu hayo."

"Basi tupime. Ikizidi moja, tupelekeni wote wawili."

Alipiga magoti kwenye vumbi. Hakugusa shingo. Alivuta tepu taratibu kando ya mguu wa mvulana, ambaye wimbo wa mama yake ulikuwa umeanza kumtuliza, akamwomba mtu wa kofia asome mwenyewe.

Mtu wa kofia aliinama, akakodoa macho. "Thelathini na tisa," alisema, kama aliyedhulumiwa.

"Somea watu kilichoandikwa."

"Thelathini na tisa."

Mwanamke wa kikapu akapima nyonga kwa macho, akaguna. Mwingine akacheka. Duara likalegea, likawa watu wanaoendelea na safari zao. Hakuna aliyeomba radhi.

Caritas alikaa chini, kichwa cha mwanawe mapajani. "Ulikuwa unanifuata?"

"Ndiyo."

"Sasa umemuona Bonfils."

"Nimemuona."

Hakumshukuru, wala Hamimu hakungoja shukrani. Alimshikia mfuko mpaka getini, na hakuufungua.

Kiti kilichukua wiki mbili. Caritas alipita kila jioni akitoka kazini, akakataa karibu kila kitu. Alilikataa gurudumu jembamba. Aliukataa mkanda wa kwanza kwa sababu Bonfils angeutafuna. Kati ya mabomba mawili alichagua lile zito, ingawa ni yeye atakayelisukuma mlimani. Sehemu ya kuwekea mizigo Hamimu aliisuka kwa wavu wa chuma, wenye matundu mapana.

"Mbona wazi hivi?"

"Asipate mutu wa kukuuliza mizigo gani."

Siku ya kujaribu alimleta Bonfils. Mvulana alisimama mlangoni na kifuniko chake, hataki kuingia. Shakuru alizima mashine ya kusagia vyuma bila kuambiwa, akaenda kukaa nje, kwenye ndoo.

Caritas alikizunguka kiti. Alikanyaga freni, akakisukuma kwa tumbo. Kisha akatoa funguo mkobani.

"Puseti ya sokoni ilikuwa na nyufa. Waliziba kwa matambara ndani ya bomba, wakapaka rangi. Mi sikugonga siku ile." Akamtazama machoni. "Leo nagonga. Utakasirika?"

"Gonga," Hamimu alisema. Alijua hakuna kitu ndani ya mabomba yale. Aliyachomelea kwa mikono yake, kila kiungo. Hata hivyo, ufunguo ulipoinuka, aliyafumba macho.

*Tang*.

Bomba la kulia. La kushoto. Caritas hakuruka hata moja. Tang. Tang. Alipofika kwenye egemeo la mkono, kivuli kikapita mbele ya Hamimu. Akafumbua macho. Bonfils alikuwa ameingia. Kifuniko kilikuwa kimeshuka mpaka kiunoni, na sikio lake limelala juu ya bomba, shavu kwenye rangi mpya. Ili alifikie vizuri, aliupandisha mguu mmoja, kisha wa pili, akajikunja kitini na kukaa.

Mama yake aliganda, mkono na funguo hewani. Mlio ukaisha ndani ya chuma. Bonfils akaanza kupapasa bomba kwa vidole, akitafuta ulikokwenda.

Hamimu akachutama kando ya gurudumu, sauti ameishusha hadi karibu na pumzi.

"Gonga tena, mama," alisema. "Gonga tena."