Nukta Nyekundu Yenye Mkia

Tangu serikali ya Kanada ifunge biashara ya bastola, klabu yetu ya shabaha, iliyoko mashambani kaskazini mwa Toronto, ilihamishia mashindano yake kwenye bunduki za risasi ndogo. Kengele ikilia, unakimbia kibanda hadi kibanda ukiangusha sahani za chuma, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Mimi nilizoea kuwa wa tatu kutoka mwisho. Lakini nilisifika kwa kuandika, basi katibu wetu, mwalimu mstaafu asiyependa utani, akanikabidhi vioo vitatu vya kulengea nivijaribu na kuwaandikia wanachama ripoti. Vioo vya siku hizi ukichungulia unaona nukta nyekundu. Unaiweka juu ya shabaha, unafyatua.

Kazi niliifanya kwa moyo wote. Cha kwanza nikaandika: "Nukta imepondeka kama nyanya iliyokanyagwa." Cha pili: "Nukta ina mkia." Cha tatu, cha bei kubwa kuliko vyote, kilinionyesha kishada cha zabibu. Nikamalizia kwa kusema watengenezaji wote watatu waone haya, nikamtumia katibu.

Jumamosi iliyofuata, mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Morogoro kututembelea Markham, pembeni mwa Toronto, alisema amechoka kutazama gereji za majirani. Mke wangu alikuwa kazini, nikamchukua mama mimi hadi klabuni. Shikamoo nilikwisha kumpa nyumbani, na mtu na mkwewe hawapigi soga, kwa hiyo tulisafiri saa nzima tukisifia barabara.

Uwanjani nilimwonyesha kile kioo cha pili, chenye nukta ya mkia, kikiwa kimefungwa kwenye bunduki. Akaipokea, akavuta komeo, akakagua kama ni tupu, akaiweka begani.

"Mama, umejifunza wapi?"

"Jeshini. Enzi zetu ukimaliza shule unakwenda kwa mujibu wa sheria." Akachungulia. "Mbona kizuri hiki?"

"Nukta unaionaje?"

"Ya duara."

"Haina mkia?"

"Mkia wa nini, baba? Hii ni nukta au panya?"

Katibu alikuwa amesimama nyuma yetu, ripoti yangu mkononi. Akachungulia yeye pia, akanigeukia, akasema neno kwa Kiingereza.

"Amesemaje?" mama akauliza.

Ikanibidi nitafsiri. "Anasema nikapimwe macho."

"Mwambie hata mimi nasema hivyohivyo."

Kisha akaomba ajaribu. Katibu akakubali, akamsimamia mwenyewe. Sahani zilikuwa tano. Nne zikalala chini. Ya tano ikayumba, ikabaki wima, mama akaisonya.

Daktari wa macho alinieleza kwamba kioo cha jicho langu hakikuwa cha duara kama mpira bali kimevutika kama yai. Nikamuuliza kama ndiyo sababu taa za barabarani zina ndevu. Akaniuliza ndevu zipi. Miaka kumi na moja nimeishi huku, mitano ya mwanzo ghorofani katika mtaa wa Flemingdon Park, Toronto, nikiamini taa za Kanada zimetengenezwa hivyo kwa ajili ya baridi. Nilipomsimulia mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini jikoni.

Ripoti yangu katibu alikataa kuitoa. Akataka ya mama. Mama akavijaribu vyote vitatu, kisha akaisema kwa Kiswahili akiwa anachambua mchicha, nami nikaandika: "Cha kwanza kizuri, ila kitufe kigumu kwa mwenye vidole vya uzee. Cha pili kizuri, kikilowa kinateleza. Cha tatu kizuri, lakini aliyekipangia bei ni mwizi."

Wanachama waliisoma kwa sauti kwenye mkutano, wakapiga makofi. Mimi, kwa miwani yangu mipya, shindano lililofuata nilipanda nafasi sita, ingawa sehemu moja nilikimbilia kibanda cha mtu mwingine. Mama alisharudi Morogoro. Kila nikifika uwanjani katibu ananiuliza atakuja lini tena, na nikimjibu anaandika tarehe kwenye daftari lake.