Hirola Aliyevishwa Shela

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyoambiwa mbele ya watu kwamba nimemvisha mnyama wa porini shela la bibi harusi. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Leo kila nikiswali namwombea dua aliyenitamkia maneno hayo.

Alikuwa Edo Zeinab, dada wa marehemu baba. Sisi Wasomali wa Garissa shangazi tunamwita edo, na mjomba tunamwita abti. Edo alikuwa na studio ya picha karibu na soko la mifugo, na mimi, msichana mwenye kichwa kikubwa kidogo, ndiye niliyekuwa nikikaa kwenye kompyuta. Kazi yetu kubwa ilikuwa harusi. Na harusi za hapa mjini unazijua: bibi harusi anataka uso ung'ae, ukuta wa nyuma uwe safi, na yule jirani aliyekatiza na sinia la wali afutwe kabisa. Nilikuwa fundi wa kufuta, wallahi. Ungesimama vibaya ningekufuta hata wewe.

Basi akaja Abti Dubow, kaka yake mama, mfugaji wa upande wa Masalani. Alikuwa na jambo zito moyoni. Kulikuwa na mpango wa kuyafunga malisho yao ya kiangazi ili yawe ya hirola peke yake. Hirola ni yule swala wetu mwenye mstari mweupe kutoka jicho hadi jicho, utadhani amevaa miwani. Wamebaki wachache mno, na huko kwetu ndiko nyumbani kwao. Wageni wa serikali walikuwa waje kuzungumza na wazee, na wengine walikwisha kusema kwamba palipo na ng'ombe hirola hakai. Malisho yakifungwa, ng'ombe wa Abti na wa majirani zake hawangekuwa na pa kwenda jua likichachamaa.

"Abti, njoo utupigie picha ya hirola pale malishoni kwetu," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina lilelile. "Iwe kubwa, iwe nzuri. Tutaitundika waione."

Mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja tu: iwe nzuri.

Nikaenda. Nilijibanza vichakani tangu alfajiri, miiba ikinichoma, mpaka ng'ombe wa Abti walipofika malishoni. Nyuma yao akatokea hirola jike, akaja kula katikati yao bila wasiwasi wowote, kama mtu wa nyumbani. Nikabonyeza kamera. Moyo ulinienda mbio kwa furaha, nikajiona nimemaliza kazi.

Niliporudi Garissa nikakaa kwenye kompyuta na kufanya ninachokijua. Ng'ombe nikawatoa, walikuwa wananiharibia picha. Vumbi nikalifuta. Anga nikalipaka buluu, na hirola mwenyewe nikamng'arisha uso mpaka akawaka. Nikaichapa kwenye karatasi, nikaibandika ukutani. Wateja wakasema mashallah, mwenye duka la jirani akamwita mkewe aje kuona. Nami nikavimba.

Edo akarudi kutoka kuswali adhuhuri, akavaa miwani yake, akasogea.

"Huyu nani?"

"Hirola, edo."

"Hirola! Mstari wake wa usoni uko wapi?"

Nikatazama. Mwanangu, mstari haukuwepo. Weupe niliompaka ulikuwa umeumeza wote.

"Naa, wewe msichana, umemvisha shela! Umempaka na poda. Bado hina tu." Wateja wakacheka. Kisha sauti yake ikashuka. "Na ng'ombe wa mjomba wako wako wapi?"

"Nimewatoa. Hawakupendeza."

"Wageni wanakuja kusema hirola na ng'ombe hawakai pamoja. Na wewe umewatengenezea ushahidi."

Lakini kiburi nacho hakifi mara moja, nikamjibu, "Edo, lakini kila mtu ameipenda."

"Kila mtu hana ng'ombe Masalani," akasema, akaenda kuweka maji ya chai.

Alhamdulillahi picha ya asili ilikuwa bado kwenye kadi ya kamera; nilikuwa nimepanga kuifuta nipate nafasi ya harusi ya Jumapili. Nikaanza upya huku machozi yakinilengalenga. Nikapunguza mwanga polepole mpaka ule mstari ukarudi usoni. Ng'ombe nikawaacha, na vumbi nikaliacha lilivyo. Nikampelekea Edo, akasema anga bado la uongo. Nikalirekebisha, nikarudi. Akasema upande wa kulia pana nafasi tupu isiyo na kazi, kata. Nikakata, nikarudi, sasa nimechoka na nimenuna. Akaisogeza karibu na miwani yake.

"Ng'ombe huyu wa pembeni yuko gizani," akasema. "Mpe mwanga kidogo, yeye peke yake."

Nikafanya hivyo ili aniache nipumzike. Kivuli kilipofunguka, kwenye paja la ng'ombe ikatokea alama ya moto, ile wanayochomewa mifugo wa ukoo wa Abti. Hata kule porini sikuwa nimeiona. Edo akanishika bega. Na mimi nikaacha kununa.

Siku ya mkutano mimi na Abti tukaitundika picha ndani ya hema kule Masalani. Mgeni mmoja, mtu mpole tu, akaisifu, kisha akasema, "Lakini hii inaweza kuwa imepigwa popote."

Abti Dubow hakubishana. Aliinuka, akaweka kidole juu ya ile alama. "Huu ni moto wa ukoo wetu. Na ng'ombe huyu sasa hivi yuko birikani anakunywa maji. Karibuni mkamwone."

Wakatoka, wakamwona, wakainama kuitazama alama pajani. Waliporudi hemani mazungumzo yalibadilika. Walianza kuwauliza wazee wanaishije na hirola, badala ya kuwaambia wahame. Baada ya vikao vingine malisho yakabaki wazi, na wafugaji wenyewe wakawa ndio walinzi wa hirola. Abti aliniwekea mkono kichwani akaniombea dua, nami nikamwambia nusu ya dua hiyo aipeleke kwa Edo.

Niliporudi Garissa nilimkumbatia shangazi yangu, nikamwambia, "Asante, edo. Asante kwa kunikaripia."

"Mliitundika ikanyooka?"

"Ilipinda kidogo."

"Nilijua," akasema. "Haya, rudi kwenye kompyuta."

Mwanangu, wewe leo unapiga picha kwa simu na kuipaka rangi kabla hujashusha mkono. Vizuri. Lakini kazi yako yoyote, mpelekee mtu atakayekuuliza inakwenda kumfanyia nani nini. Akikuchoma, vumilia, rudi ulikoanzia, anza tena. Na ule mwanzo usiufute kamwe. Kabla hujaondoa kitu kwa sababu kinakuchafulia, uliza ni cha nani. Pengine mwenyewe anaishi kwacho.

Edo ametangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Nawe Mola akupe jicho zuri, akupe mkono usiochoka kurudia, na akuwekee karibu mtu anayekupenda kiasi cha kukwambia kazi bado. Na ukishampata, akujaalie ulimi wa kumshukuru angali anakusikia.